Kamera Tuliyosema Imezama

Jumatatu, 3 Machi

Mjukuu wangu,

Kabla sijakujibu lolote, nianze na jambo nililokuficha tangu utotoni mwako. Kamera yangu kubwa ya studio haikuzama kwenye mafuriko. Niliiuza. Nilimwambia bibi yako imekwenda na maji, naye akakwambia wewe, nawe ukakua na habari hiyo kama unavyokua na jina. Siku maji yalipoingia studio, kamera ilikuwa juu ya kabati, nzima na kavu, ndani ya mkoba wake wa ngozi.

Ningeweza kunyamaza. Lakini umeniandikia kwamba unataka kununua kamera yako ya kwanza ya filamu pana, na kwamba ungependa iwe "dada yake yule aliyezama." Siwezi kukushauri huku nimekalia uongo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi sasa nasikia kikivua viatu mlangoni. Daktari wangu zamani alikuwa akinikataza chumvi, akinikataza ngazi. Siku hizi ananishika bega tu na kusema, "Mzee wangu, pumzika." Daktari akianza kusema hivyo, ujue amefunga mkoba.

Usinipigie simu. Masikio yangu yameisha, simu kwangu ni mzinga wa nyuki. Andika. Nina lenzi yangu ya kukuzia na dirisha lenye mwanga mzuri asubuhi.

Sasa kuhusu kamera. Niambie kwanza unataka kupiga nini. Anayenunua kamera kabla ya kujua atapiga nini anapima viatu kwa mguu wa jirani.

Babu yako


Jumanne, 11 Machi

Babu, shikamoo.

Wewe mzee wewe! Kumbe hata wewe ni mwongo! Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Bibi alikuwa akiilalamikia kamera ile kama mtu aliyefiwa. Ulimuuzia nani? Na kwa nini umfiche mkeo? Au kulikuwa na bibi mwingine wa pembeni, pesa zikaenda huko? Sema tu, sitakupiga.

Nimechoka sana wiki hii. Unajua kazi yangu ya kuchonga meno ya bandia ya watu siku nzima, vumbi la plasta hadi kwenye nyusi. Juzi nimemaliza seti ya mzee mmoja anayetaka pengo lake la zamani liachwe palepale mbele. Nikamwuliza, "Mzee, si ndiyo nafasi ya kulifunga?" Akasema, "Nikilifunga, mke wangu atadhani kalala na mgeni." Nikamwachia pengo. Lakini sikuwahi kumwona akicheka nalo. Meno yanatoka kwangu kwenye boksi, yanakwenda kwa daktari, basi. Ndiyo maana nataka kamera. Nataka wenye meno wakae mbele yangu, mmoja mmoja, niwaangalie vizuri.

Nimekwenda kwa yule fundi wa kamera nyuma ya soko la vyuma, wanamwita Skrubu kwa sababu huzungumza huku ameziuma mdomoni. Ana tatu za kuuza. Moja ya kukunja, yenye mfuko kama kodiani. Moja yenye macho mawili, jicho moja juu ya jingine. Na moja nzito kama tofali, ambayo kisanduku chake cha filamu kinachomoka mgongoni ukaweka kingine. Nikamwuliza ipi inafaa kwa anayeanza. Akasema, "Dada, anayeanza anafaa apige na simu, aache kunisumbua." Nikamwambia mimi ni mjukuu wako. Akatema skrubu zote mkononi, akanivutia kiti.

Nichague ipi?

Mjukuu wako, fundi meno


Jumatano, 19 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Hakukuwa na bibi wa pembeni. Aliyekuwepo alinitosha na chenji ikabaki.

Chukua ile ya macho mawili.

Ya kukunja ni nyepesi, inaingia mfukoni, lakini mfuko wake wa ngozi hutoboka kwenye mikunjo, matundu madogo usiyoyaona, na kila picha inatoka na nyota ambazo hazikuwepo angani. Tena lazima ukumbuke mwenyewe kusogeza filamu. Ukisahau, watu wawili wasiojuana wanatokea wamekaa kwenye kiti kimoja.

Ya macho mawili haina ujanja. Jicho la juu unatazamia, la chini linapiga. Inaning'inia shingoni, nawe unainama kuitazama kama anayechungulia kisima. Hapo ndipo faida yake. Mtu ukimlenga kwa kamera usoni anajikaza. Ukimwinamia, anaona utosi wako tu, anasahau, uso wake unarudi mahali pake. Kitakachokusumbua mwanzoni ni kioo kugeuza kushoto kuwa kulia. Wewe unayechonga meno ya mtu aliyekugeukia, kushoto kwake kulia kwako, hutahangaika muda mrefu.

Mwambie Skrubu aifungue mgongo, mulika lenzi kwa tochi. Ukiona utando kama wa buibui ndani ya kioo, huo ni ukungu, iache. Kisha iweke kwenye mwendo wa polepole kabisa, ufyatue, usikilize. Isikike kama mtu anayevuta pumzi bila kukwama. Filamu pana inakupa picha kumi na mbili tu kwa roli moja. Ni chache, na ndiyo shule yenyewe. Utajifunza kungoja.

Ile nzito yenye mgongo wa kuchomoka usiiguse. Si ya anayeanza.

Yangu nilimuuzia mpiga picha mmoja wa harusi tuliyekuwa tukimwita Tabasamu, kwa sababu hilo ndilo neno pekee alilojua kumwambia bibi harusi. Sidhani kama bado yu hai. Kwa nini niliiuza ni habari ndefu, na mkono wangu umechoka.

Babu yako


Jumatano, 2 Aprili

Babu,

Kaa chini kabla hujasoma.

Nimeipata. Si dada yake. Ni yenyewe!

Nilimtajia Skrubu jina la Tabasamu, akasema, "Marehemu? Mjane wake ananiletea saa za ukutani nizitengeneze." Jumamosi tukaenda wote. Nyumba ndogo, mapazia mazito, na mama mmoja mnene anayehema akipanda ngazi mbili. Alivuta mkoba kutoka uvunguni. Ngozi imekauka, lakini ndani ya kifuniko jina la studio yako bado linasomeka, kwa mwandiko wako ule unaoegemea nyuma kama mtu aliyekataa kitu. Kamera imo, na visanduku vyake viwili vya filamu.

Mjane si mjinga. Aliyaona macho yangu. Ametaja bei itakayomaliza akiba yangu yote, ile niliyokuwa naweka nifungue meza yangu mwenyewe ya kazi niache kumchongea mtu mwingine. Amenipa hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo anamuuzia mtu wa vitu vya kale anayetaka kuiweka dukani kama pambo. Nimemwambia ndiyo. Kilichobaki ni kumpelekea pesa.

Usinipigie hesabu, Babu. Nimeshapiga. Najua ya macho mawili ningeipata kwa sehemu ndogo ya hiyo. Lakini unajua ninachofuata. Bibi alinisimulia mara nyingi, nikiwa nasukwa nywele, jinsi Mama, kabla hajafariki, alivyonileta nikiwa mchanga, jinsi ulivyomkalisha kwenye kile kiti cha studio na mimi mapajani, ukatupiga picha, na maji yakaja yakachukua. Nina picha ya Mama akiwa shule. Nina yangu nikiwa nimeshika mpira. Sina hata moja tuliyo pamoja. Basi, picha imepotea, sawa. Lakini ile lenzi ilituona. Ni jicho la mwisho lililomwona mama yangu amenishika. Nataka nilitumie, nikae mbele yake tena.

Skrubu alinicheka. "Dada, lenzi haina kumbukumbu." Nikamwambia na wewe huna adabu.

Furahi basi, Babu.

Mjukuu wako


Jumatatu, 7 Aprili

Mjukuu wangu,

Usiinunue.

Ile kamera ni mbovu. Pazia la lenzi, lile linalofumba na kufumbua kama kope, lilikuwa limelegea tayari nikiwa nayo. Visanduku vya mgongoni vinavujisha mwanga. Ni nzito, itakuumiza shingo, na vipuri vyake havipatikani. Meza yako ya kazi ni maisha yako. Mtu hauzi jembe akanunua picha ya shamba.

Nilikwambia chukua ya macho mawili. Nilikueleza sababu. Nimeshika kamera tangu kabla mama yako hajazaliwa, na kabla ya hapo nilisoma elimu ya mwanga chuoni kwa miaka ambayo wenzangu walikuwa wanacheza karata. Angalau mara hii nisikilize.

Nakukataza.

Babu yako


Jumatatu, 14 Aprili

Babu,

Sijui nikuamkie vipi baada ya barua ile.

Nilimrudia mjane nikamwomba Skrubu aipime hapohapo. Aliifungua juu ya meza ya chakula, akaweka kila kipande kwenye kifuniko cha sufuria. Pazia la lenzi linafumba sawasawa. Akapitisha roli moja kwenye kila kisanduku, akaenda kuzisafisha kwake, akarudi akanionyesha: hakuna hata uzi wa mwanga. Akaniambia, "Huyu babu yako ama amesahau, ama hakutaki." Najua hujasahau. Unakumbuka hadi rangi ya soksi nilizovaa siku ya kwanza ya shule.

Kwa hiyo umenidanganya. Mara ya pili, kamera ileile.

Sikuomba pesa yako. Sikuomba ruhusa. Nilikuomba ufurahi, na hilo nalo limekushinda. Ulinilea, sikatai. Ulinifundisha kusoma kabla ya wenzangu. Lakini nikikuuliza habari za Mama, tangu utoto wangu, unaamka kwenda kuangalia kama bomba limefungwa. Nyumba nzima ilikuwa na mabomba yaliyofungwa vizuri sana.

Ulimwona kwenye kioo cha ile kamera. Wewe tu, Bibi alikuwa jikoni. Niambie basi. Alivaa nini? Nilikuwa nalia? Alinitazama mimi au alikutazama wewe? Hilo tu. Niandikie hilo, nami nitakuachia mengine yote.

Kama huandiki, pesa naipeleka tarehe 30. Nimechoka kubembeleza, Babu.

Mimi


Jumanne, 22 Aprili

Binti,

Mimi ni jirani wa babu yako, mama wa nyumba ya mlango wa bluu, yule uliyenitengenezea meno ya chini na bado yanabana kidogo upande wa kushoto, ila hilo tutaongea siku nyingine.

Babu yako alianguka Ijumaa akiwa anatoka dirishani kwenda kitandani. Hajavunjika. Lakini hali chakula, anakunywa maji ya kulowesha ulimi tu. Daktari amekuja, amekaa, ameondoka. Nimemwambia babu, "Nimwite mjukuu wako aje?" Akasema, "Nimalize kwanza kumwandikia. Akija kabla, nitamwona uso na nitanyamaza." Nikamwambia basi niambie mimi niandike. Akanikodolea macho kama nimemwomba nimvulie nguo.

Anaandika mistari miwili mitatu, analala, anaamka. Karatasi ameziweka chini ya mto. Mimi si mtu wa kuchungulia, na hata ningechungulia, mwandiko wenyewe umelala chali.

Fungasha, lakini ngoja barua. Itakuja na dereva, mume wa dada yangu.

Jirani yenu


Jumamosi, 26 Aprili

Mjukuu wangu,

Umeuliza maswali matatu. Nayajibu kwa mpangilio ulioyauliza.

Alivaa gauni la kijivu lenye vifungo hadi shingoni, kimoja kimekatika, amekibana kwa pini. Wewe hukulia. Ulikuwa umelala, umefungwa kwenye shuka jeupe, mguu mmoja nje. Hilo la tatu nitalifikia.

Unajua mama yako alitoka chuoni bila kumaliza. Hukujua mimi nilikuwa nani kabla ya hapo. Nilikuwa baba wa daktari. Kila mteja aliyeketi kwenye kile kiti, nikiwa namnyoosha kola, alisikia kwamba binti yangu anasomea udaktari. Wengine walilipa wakaondoka haraka, nilikuwa nimewachosha. Halafu siku moja akasimama mlangoni na mkoba mmoja na wewe, na baba yako hakuwa naye, wala hakuwahi kuja. Sikumfukuza. Watu husimulia wazazi waliofukuza watoto, mimi sikufanya hivyo. Nilisema, "Karibu," nikaendelea kukata kingo za picha. Wiki nzima nilisema "karibu," na "chai iko pale," na "funga mlango." Nilikuwa na adabu sana.

Bibi yako ndiye aliyeng'ang'ania picha. "Mpige na mtoto wake, yaishe." Kwake picha ilikuwa maji ya kuoshea mikono kabla ya kula pamoja.

Sasa sikiliza jambo la kazi yetu, maana nje yetu hakuna aliyelijua. Mpiga picha wa studio hupatwa na watu wasiostahili filamu. Mlevi anayeingia akidai apigwe. Bwana mkubwa wa mtaa anayetaka picha ya ishirini na hatarudi kuichukua. Filamu pana ilikuwa ghali na haikupatikana kila mwezi. Ukimkatalia, unagombana. Kwa hiyo tulikuwa na dawa. Kamera yenye mgongo wa kuchomoka ina visanduku viwili. Kimoja nilikitia filamu. Cha pili nilikiacha kitupu makusudi. Mtu wa namna hiyo akija, nabandika kitupu, namkalisha, namrekebisha kidevu, taa inawaka, anaondoka ameridhika. Baadaye unamwambia filamu iliharibika. Mafundi wote wa mji tulifanya hivyo na tukalichekea.

Mama yako alipoketi, nilibandika kisanduku kitupu.

Sikukosea. Kisanduku chenye filamu kilikuwa kwenye kamera tayari, nilikichomoa. Nilijiambia, si leo. Akili yangu ikitulia nitampiga tena, vizuri, kwa filamu, na hatajua tofauti. Nilimwinamia, nikapiga mara tatu, taa ikawaka mara tatu. Bibi yako alisikia akiwa jikoni akashukuru.

Hakukuwa na siku nyingine. Aliondoka nawe wiki ile kwenda kutafuta kazi, na kabla hujaanza kutambaa akaugua, akafa, ukarudishwa kwetu na mtu mwingine amekubeba. Bibi yako akaniomba ile picha siku ya mazishi. Nikasema bado sijaichapa. Aliniomba tena, nikasema bado. Halafu mafuriko yakaja, na, Mungu anisamehe, niliyaona yakiingia chini ya mlango nikashusha pumzi. Rafu ya chini ilichukuliwa. Nikamwambia negativu ya mtoto wetu ilikuwa hapo.

Bibi yako hakukubali. Alizikusanya negativu zote zilizokuwa kwenye matope, akazileta uani kwa beseni, akawa anaziosha moja moja kwa maji safi na kuzianika kwenye kamba ya nguo, anazinyanyua kwenye mwanga kutafuta mwanamke mwenye mtoto. Siku nyingi. Vidole vyake vilichanika. Nami nilikaa naye, nikishika upande wa pili wa kamba. Nilimsaidia kutafuta. Baada ya hapo sikuweza kuitazama ile kamera. Nikaiuza, nikasema nayo imezama.

Kwa hiyo meza yako ya kazi isiende kwa mjane yule kwa sababu ya picha ile. Ukiitaka kama chombo, ni chombo kizuri, Skrubu amekwambia kweli na mimi nilikudanganya. Lakini usiinunue ukidhani ilikulindia kitu.

Nilitaka kuishia hapo. Nimelala, nimeamka, nimeona sijamaliza. Miaka hii yote nilikuwa na faraja moja ndogo, nimeichezea moyoni hadi imekuwa laini: kwamba angalau mama yako aliondoka akiamini amepigwa picha. Faraja hiyo si ya kweli, na nilijua si ya kweli palepale studio.

Mama yako alikulia kwenye chumba kile. Akiwa mdogo kuliko kimo cha stendi alikuwa akinitilia filamu, na walevi walipokuja ni yeye aliyeniletea kisanduku kitupu, ameziba mdomo asicheke. Alijua mlio. Mkono wa kamera wa kuzungushia filamu, filamu ikiwamo hukokota kidogo, isipokuwamo hukimbia.

Nilipiga ya kwanza, nikazungusha. Ukakimbia. Hapo ndipo jibu la swali lako la tatu: alikuwa akinitazama mimi. Hakubadilika uso. Niliona kwenye kioo akiinamisha macho, akakutazama wewe, akauingiza mguu wako ndani ya shuka. Nikapiga ya pili. Alibaki amekutazama. Nikapiga ya tatu, nawe ukashtuka kwa taa.

Akasema, "Inatosha, Baba. Usimuumize macho bure."

Nilimsikia. Nilielewa kwamba anajua, naye aliniona nimeelewa. Kisanduku chenye filamu kilikuwa mezani, ningekifikia bila kusogeza mguu. Aliendelea kukaa kwenye kile kiti, hakuinuka mara moja. Alikaa muda wa kutosha.

Nilikwenda nikamfungulia mlango.

Babu yako